Ripoti ilisema figo ni nzima: kisa cha uzito mkubwa na mkojo wenye povu

Jina, kazi, mahali na tarehe vimeondolewa. Mgonjwa ameridhia kisa chake kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Tulipomuuliza kama kuna jambo ambalo asingependa liachwe nje, alijibu, "Andikeni habari ya magoti." Habari ya magoti ipo, tutaifikia.

Usuli

Mwanamume wa miaka 46, kazi yake ni ya kukaa kutwa. Kimo sentimita 172, uzito kilo 131, uwiano wa uzito na urefu 44.3, kiuno sentimita 134. Hakuletwa na ugonjwa, aliletwa na fomu. Mwajiri alitaka uchunguzi wa afya wa kila mwaka, kijiti cha mkojo kikabadilika rangi hadi protini alama tatu, na aliyempima akamwandikia rufaa kuja kliniki ya figo. Akaja amekasirika kidogo, kwa sababu majibu ya damu aliyoyashika mkononi yalisema kila kitu ni sawa.

"Daktari, hapa pameandikwa kawaida," alisema, kidole kikiwa kwenye mstari wa kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja. "Sasa rufaa ya nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kreatinini ilikuwa mikromoli 88 kwa lita, na kiwango cha uchujaji wa figo kilichokadiriwa na maabara kilikuwa 94. Kwa macho ya haraka, hapo hapana ugonjwa.

Kisukari hana: sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.7, na kipimo cha wastani wa miezi mitatu asilimia 5.8. Ndiyo kusema yuko ukingoni, lakini hajavuka. Kwao hakuna aliyewahi kuugua figo. Anakoroma hadi watu wa nyumbani hulalamika. Povu kwenye mkojo alikuwa analiona kwa karibu miaka miwili, akidhani ni sabuni ya kusafishia choo. Katika faili lake la zamani tulikuta jibu la miaka mitatu nyuma, protini alama mbili, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: "anywe maji zaidi". Hakuna aliyerudia kipimo hicho.

Jambo moja tulilipata katika mahojiano ya pili tu, tena kwa bahati. Alizaliwa njiti, wa miezi saba. Tutaona baadaye kwa nini lina uzito.

Tulichokikuta

Presha ya kwanza ilisoma 158/96. Muuguzi aliyempima aliona kwamba mkanda ulikuwa unaachia gundi yake kila ukijaa upepo, akaenda kutafuta mkanda mkubwa. Presha ikasoma 142/88. Bado iko juu, lakini ni presha nyingine kabisa, na dawa zake ni nyingine. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023 ulipima tofauti hii: watu wanaohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, wakifungwa mkanda wa kawaida, namba ya juu ya presha huongezeka kwa wastani wa 19.5. Ukimtibu mtu kwa presha ya mkanda mdogo, unaweza kumwangusha chini kwa kizunguzungu.

Mkojo wa asubuhi ulionyesha albumini, protini kuu ya damu, miligramu 1,450 kwa kila gramu ya kreatinini. Kawaida ni chini ya 30, na kuanzia 300 ni daraja la juu kabisa la uvujaji. Tulirudia, ikarudi vilevile. Hakukuwa na chembe za damu kwenye mkojo. Virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na vipimo vya magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe vyote vilikuwa hasi. Figo kwenye ultrasaundi zilikuwa kubwa, sentimita 12.8 na 13.1, bila kuziba popote.

Kilichotufanya tusimame ni mchanganyiko usio wa kawaida. Protini inavuja kwa wingi kiasi hiki, na bado miguu haijavimba, uso haujajaa asubuhi, na albumini ya damu ni gramu 41 kwa lita, kama ya mtu mzima wa afya. Magonjwa mengi ya vichujio vya figo yanapovujisha protini hivi hukausha albumini ya damu na kuleta uvimbe. Huyu alikuwa anavuja polepole, kimyakimya, kwa miaka.

Dawa iliyosimamishwa

Tulianza losartani miligramu 50 kwa siku, kwa sababu mbili: inashusha presha ya mwili, na inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, hivyo shinikizo la ndani ya kichujio nalo hushuka. Tukamwambia apunguze chumvi, arudi baada ya wiki mbili kupima kreatinini na potasiamu.

Wiki mbili zilipofika alikuwa safarini, akapima kwenye kituo kingine. Kreatinini ilikuwa imepanda kutoka 88 hadi 104, potasiamu 4.6. Aliyemsomea majibu, kwa nia njema kabisa, akamwambia dawa inaharibu figo, aiache. Akaiacha. Na kwa kuwa hakujisikia mgonjwa alipoianza wala alipoiacha, hakuona haja ya kurudi.

Alirudi baada ya miezi mitano na nusu. Albumini ya mkojo ilikuwa 2,600.

Kosa hapa ni letu kabla ya kuwa la yeyote mwingine. Tulijua kreatinini itapanda. Ukipunguza shinikizo kwenye kichujio, uchujaji hushuka kidogo, na kreatinini hupanda. Ongezeko la hadi asilimia 30 katika wiki nne za mwanzo huvumiliwa, na mara nyingi ni dalili kwamba dawa imefika ilikotumwa. Lake lilikuwa asilimia 18. Tulijua hayo, lakini tulibaki nayo vichwani mwetu. Mgonjwa aliondoka na cheti cha dawa tu. Laiti angekuwa na karatasi yenye mstari mmoja, "kreatinini ikifika 114 tupigie, chini ya hapo endelea na dawa", mwenzetu wa kituo kile angeusoma na mambo yangekwenda njia nyingine. Siku hizi mstari huo tunaugonga muhuri kwenye kadi.

Kunyofoa kipande cha figo au kutonyofoa

Kwenye kikao cha kliniki tulibishana. Upande mmoja ulisema picha ni ya figo zilizochoshwa na uzito, hakuna haja ya kumchoma mtu sindano ili kuthibitisha kinachoonekana. Upande wa pili ulisema protini imekaribia kuwa maradufu, na hatuna hakika kwamba chini ya unene hakujajificha ugonjwa mwingine unaotaka tiba nyingine kabisa. Hatari ilikuwepo. Kutoka kwenye ngozi hadi kwenye figo palikuwa na sentimita 9, picha ya ultrasaundi ina ukungu, na kulala kifudifudi kulimkata pumzi. Mwishowe tulimlaza ubavu, presha ikiwa imetulizwa kwanza, na kazi ikafanywa na mtu mmoja mwenye uzoefu kuliko sote. Hakutoka damu.

Kipande kilikuwa na vichujio 14. Vyote vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Viwili vilikuwa na kovu upande mmoja, karibu na pale mshipa wa damu unapoingilia. Kwa hadubini ya elektroni, nyayo za seli zinazofunika kichujio zilikuwa zimelala hapa na pale, si kila mahali. Huo ndio mwonekano wa ugonjwa wa vichujio unaotokana na unene, ambao ulielezwa katika majarida kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa wagonjwa wanne tu. Mwaka 2001 maabara moja ya New York ilipekua vipande 6,818 vya figo na kukuta kwamba ugonjwa huu uliongezeka kutoka asilimia 0.2 ya vipande vya miaka ya mwisho ya 1980 hadi asilimia 2.0 kufikia mwaka 2000. Mara kumi ndani ya muda usiofika miaka kumi na tano.

Jibu hilo lilituokoa na kosa ambalo lilikuwa limeshaanza kuandikwa. Neno "kovu la sehemu ya kichujio" likisomwa peke yake humvuta daktari kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, maana kuna ugonjwa mwingine wenye kovu linalofanana unaotibiwa kwa vidonge hivyo, kwa dozi kubwa, kwa miezi. Mwenzetu mmoja alikwisha kuvipendekeza. Kwa mtu huyu prednisoloni ingeongeza uzito, ingemsukuma kuvuka ule ukingo wa kisukari, na isingegusa chanzo hata kidogo. Albumini nzuri ya damu, kukosa uvimbe, na nyayo za seli zilizolala hapa na pale tu ndivyo vilivyotutenganishia magonjwa hayo mawili.

Uzito wenyewe

Losartani ikarudi, ikapandishwa hadi miligramu 100. Tukaongeza dapagliflozini, ambayo jaribio la DAPA-CKD la mwaka 2020 lilionyesha kuwa inalinda figo hata za wasio na kisukari. Kipimo cha usingizi kikathibitisha kwamba pumzi hukatika usiku. Akapewa mashine ya kupulizia hewa, akaichukia kwa mwezi, halafu akazoea. Hayo yalikwenda bila shida.

Uzito ndio uliokuwa na historia ndefu. Nilimuuliza ni mara ngapi ameambiwa apunguze mwili. Akacheka. "Kila anayevaa koti jeupe," alisema. Nikamuuliza ni wangapi walimwonyesha namna. Hakucheka tena.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya mtaalamu wa lishe na kutembea. Kilo 5 zikaondoka, kilo 4 zikarudi. Kwenye faili mmoja wetu aliandika "hana nidhamu", neno nililolikata kwa kalamu nyekundu na ambalo sitalisahau, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelifikiria. Mwili uliozoea kilo 131 ukinyimwa hujitetea: homoni za njaa hupanda, za shibe hushuka, matumizi ya nguvu hupungua, na hali hiyo hudumu muda mrefu baada ya kilo kuondoka. Mtu anapambana na kitu kisicholala.

Tuliweka njia mbili mezani. Ya kwanza ni upasuaji wa tumbo, wenye matokeo makubwa kuliko yote kwa uzito. Aliukataa, nasi hatukumsukuma. Ule wa kuchepusha utumbo hufanya oksaleti nyingi ifyonzwe kutoka kwenye chakula, na baadhi ya watu hupata mawe ya figo au hata figo kujaa chembe za oksaleti. Upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo una hatari hiyo kwa kiasi kidogo. Ya pili ilikuwa sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza njaa, mara moja kwa wiki, ikianzia miligramu 0.25 na kupandishwa kila baada ya wiki nne. Akachagua sindano. Siku ya kwanza alikuwa na kilo 130.

Siku nne za kutapika, na habari ya magoti

Wiki ya kumi, dozi ilipopanda hadi miligramu 1, alianza kutapika, na kuharisha kukafuata. Alikaa nyumbani siku nne bila kupiga simu. Tulikuwa tumemwambia kichefuchefu ni kawaida, kitapita. Naye, kama mgonjwa mwaminifu, alisubiri kipite. Katika siku hizo nne alimeza losartani kila asubuhi na dapagliflozini kila asubuhi, kwa sababu dawa za figo hazirukwi, hivyo ndivyo tulivyomfundisha.

Alipoletwa, midomo ilikuwa imekauka, presha 92/58, na kreatinini 212, maradufu ya kipimo chake cha mwisho.

Tukamlaza, maji ya mshipani, dawa zote zikasimama. Muuguzi wa zamu ya usiku, wakati anapanga vitu vya mgonjwa kwenye kabati la kitandani, akakuta kwenye mfuko wa suruali karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyobaki vidonge viwili. Asubuhi nilimwekea mkononi.

"Hizi unakunywa tangu lini?"

"Hizo? Miaka mitatu hivi. Kila asubuhi, nisipokunywa sishuki ngazi."

"Mbona nilipokuuliza dawa unazotumia hukunitajia?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye nisiyeelewa. "Daktari, hiyo si dawa, hiyo ni ya magoti."

Nilirudi ofisini nikafungua faili. Kwenye ziara sita tofauti, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: "dawa nyingine: hakuna". Na kwenye ziara nne kati ya hizo, mistari miwili juu yake: "maumivu ya magoti". Nilikuwa nimeandika swali na jibu lake kwenye ukurasa mmoja bila kuviona vikitazamana.

Mtu wa kilo 131 ana magoti yanayouma, na magoti yanayouma yana kidonge. Diklofenaki hufunga mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Losartani imelegeza mshipa wa kutoka. Kutapika na kuharisha kumekausha maji, na dapagliflozini inaendelea kutoa chumvi na maji kwenye mkojo. Hapo kichujio hakina damu ya kutosha inayoingia, wala hakina namna ya kuzuia inayotoka. Kila kimoja peke yake kingeweza kuvumilika. Vilikutana kwenye wiki moja.

Kreatinini ilishuka hadi 150 siku ya pili, 121 siku ya tano, na baada ya wiki tatu ikatulia kwenye 108. Losartani na dapagliflozini zikarudishwa moja baada ya nyingine alipokuwa anakula na kunywa vizuri. Sindano ikarudi kwenye miligramu 0.5, ikapandishwa kwa mwendo wa kobe. Magoti yakapewa parasetamoli, dawa ya kupaka, na mazoezi ya kuimarisha paja.

Matokeo

Mwezi wa 27 tangu rufaa, akiwa na miaka 48: uzito kilo 109, yaani kilo 22 chini ya alikoanzia, karibu asilimia 17. Kiuno sentimita 115. Presha 124/78, kwa mkanda mkubwa. Albumini ya mkojo 480. Sukari imerudi kwenye eneo la kawaida. Kreatinini 92, uchujaji uliokadiriwa 88. Ngazi anashuka bila kidonge.

Ugonjwa sugu wa figo bado anao. Mia nne na themanini ni zaidi ya 300, na makovu mawili tuliyoyaona hayafutiki.

Uchambuzi

Turudi kwenye ile ripoti ya kwanza, maana fundisho kubwa liko pale. Maabara hukadiria uchujaji kwa kreatinini, umri na jinsia, kisha hutoa jibu kana kwamba kila binadamu ana eneo la mwili la mita za mraba 1.73. Namba hiyo tumeirithi kutoka miaka ya 1920. Kwa kimo na uzito wake, mgonjwa wetu alikuwa na mita za mraba 2.5. Zidisha 94 kwa 2.5, gawanya kwa 1.73, na unapata mililita 136 kwa dakika. Figo zilizoandikwa "kawaida" zilikuwa zinakimbia.

Na ukikimbiza figo, unakimbiza vichujio. Mwili mkubwa una taka nyingi za kusafisha. Mafuta ya tumboni hayakai bure: hutoa vitu vinavyoamsha mfumo wa homoni unaobana mishipa na kushikilia chumvi. Figo zinavuta chumvi nyingi mapema kwenye mirija yake, kiasi kwamba kile kituo kidogo cha mbele kinachopima chumvi huona inayofika ni kidogo, kikadhani uchujaji umepungua, kikafungua zaidi mshipa wa kuingiza damu. Mlango wa kuingilia umefunguliwa, wa kutokea umebanwa, na shinikizo linabaki ndani ya kichujio. Kichujio kinavimba kukidhi kazi. Seli zinazokifunika kwa nje, podositi, hazijui kugawanyika na kuongezeka. Zinachoweza ni kujinyoosha. Zikinyooshwa kupita uwezo wake hubanduka, mahali palipobaki wazi panagandana na ukuta, na hapo kovu linaanza. Ndiyo maana tulikuta makovu karibu na mdomo wa mshipa, pale shinikizo linapopiga kwanza.

Sasa rudisha ile habari ya kuzaliwa njiti. Idadi ya nefroni, yaani kichujio pamoja na mrija wake, hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, wastani ukiwa karibu milioni moja kwa kila figo, na nyingi hutengenezwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Utengenezaji huisha karibu na wiki ya 36. Kwa njiti huendelea wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo haiongezeki hata moja. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba mtu huyu alianza maisha na vichujio vichache, kisha akavibebesha mwili wa kilo 131. Wapo watu wenye uzito wake ambao mkojo wao hauna protini kabisa, na nadhani sehemu ya tofauti iko hapa. Swali la "ulizaliwa kwa miezi mingapi?" linachukua sekunde kumi. Siku hizi tunaliuliza siku ya kwanza.

Wapo wanaosema unene huharibu figo kwa kupitia kisukari na presha tu, kwamba ukizuia hivyo viwili umemaliza. Kisa hiki hakikubaliani nao, wala takwimu hazikubaliani. Mwaka 2006 watafiti wa California walitoa matokeo ya watu wazima zaidi ya 320,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi: wenye uwiano wa 40 na kuendelea walikuwa na hatari ya figo kushindwa kabisa mara saba hivi ya wenye uzito wa kawaida. Walipotenga athari za presha na kisukari, hatari ilipungua lakini haikuondoka. Ugonjwa wa mgonjwa wetu ulianza akiwa hana kisukari, na kwa presha ambayo sehemu ya ukubwa wake ilikuwa ya mkanda.

Kati ya mambo yaliyofaa, kunyofoa kipande cha figo nakiweka mbele, ingawa wenzangu wengine bado wanasema tungefika bila hicho. Kilituzuia kutoa prednisoloni. La pili ni kuacha kuhubiri kuhusu uzito na kuanza kuutibu. Utafiti mdogo wa mwaka 2003, wa wagonjwa 30 waliokuwa na uvujaji wa protini, ulionyesha kuwa kupunguza asilimia 4 tu ya uzito kulishusha protini kwa karibu theluthi. Hapahitajiki mwili mpya ili kichujio kipumue. Jaribio la FLOW la mwaka 2024, lililofanywa kwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo, lilikuta semaglutaidi ikipunguza matukio makubwa ya figo kwa asilimia 24. Mgonjwa wetu hana kisukari, kwa hiyo ushahidi huo hauwezi kubandikwa kwake moja kwa moja, tulimwambia hivyo. Na siwezi kugawa sifa za ile 480: kiasi gani ni losartani, kiasi gani dapagliflozini, kiasi gani kilo 22, kiasi gani kuacha diklofenaki. Athari za vyote hivyo zimeingiliana.

Makosa yetu yalikuwa mengi kuliko nilivyopenda kuyahesabu, na karibu yote yalikuwa ya maneno. Tuliandika dawa bila kueleza kreatinini itafanya nini. Tulisema "kichefuchefu ni kawaida" bila kusema kinaacha kuwa kawaida lini. Tulisema dawa za figo hazirukwi, ilhali kuna siku ambazo lazima zirukwe: ukitapika, ukiharisha, ukiwa huwezi kula wala kunywa, losartani na dapagliflozini husimama mpaka urudi kula, na unapiga simu siku hiyohiyo. Kisha tukauliza "unatumia dawa gani?" Swali hilo limenikosesha majibu mengi kuliko yote katika kazi hii. Sasa nauliza, "Magoti yakikuuma unafanya nini? Kichwa je? Mgongo?" Vidonge hutoka mifukoni vyenyewe.

Limebaki jambo la kreatinini ya mwisho. Mtu aliyepunguza kilo 22 amepunguza na misuli kiasi, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Kwa hiyo 92 ya leo na 88 ya siku ya kwanza si vipimo vya mtu yuleyule. Tulipima sistatini C, ambayo haitegemei misuli, ikatoa uchujaji wa 76, chini ya ile 88 ya kreatinini. Nayo ina kasoro yake, maana mafuta na uvimbe wa ndani ya mwili huipandisha, hivyo hulifanya jibu la uchujaji lionekane dogo kuliko lilivyo. Ukweli uko katikati. Mgonjwa aliuliza kama figo zimeshuka. Nilimwonyesha hesabu ileile ya eneo la mwili: kwa kilo 109, ile 88 ya ripoti ni kama mililita 116 halisi, kutoka 136. Sehemu ya mshuko huo ni mbio zilizopunguzwa, na ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Sehemu nyingine huenda ni ya makovu na ya zile siku nne. Uzito ukikaa mahali pamoja kwa mwaka, ndipo tutajua mstari unaelekea wapi.

Alipo sasa

Anataka kuacha sindano. Amechoka nayo, na anaona amepona. Tumemweleza kwamba waliowahi kuiacha wengi hurudisha sehemu kubwa ya kilo, na kwamba kwake kilo zikirudi zinarudi na protini. Amesikiliza, hajakubali, hajakataa. Tumekubaliana dozi ibaki ilipo hadi ziara ijayo, losartani na dapagliflozini ziendelee, apime uzito nyumbani kila Jumapili na kuuandika. Kadi yake ina muhuri wa kreatinini upande mmoja, na upande wa pili dawa za kusimamisha siku ya kutapika. Diklofenaki ameiandika mwenyewe chini kabisa, kwa herufi kubwa, akaipiga mkasi. Atarudi baada ya miezi mitatu, na kichupa cha mkojo wa asubuhi.